Sura ya Tatu: Seli Inayotupa Kiini Chake

Kila sekunde, ndani ya uloto wa mifupa yako ya nyonga, kidari, mbavu na uti wa mgongo, seli zipatazo milioni 2 hukamilisha ukuaji wa siku kadhaa kwa tendo moja la ajabu: hutupa kiini chao nje. Kiini hicho ndicho chenye DNA, yaani maelekezo ya kutengeneza kila protini ya mwili. Seli nyingi zikipoteza kiini hufa. Hizi haziishii hapo. Huingia kwenye mishipa, na kwa siku zipatazo 120 zinasambaza oksijeni ambayo ubongo ukiikosa kwa dakika chache tu huanza kuharibika. Ni seli nyekundu za damu, na katika mwili wa mtu mzima zipo kama trilioni 25. Ukihesabu seli zote za mwili wako moja moja, zaidi ya nane katika kila kumi zitakuwa hizi.

Mwanafunzi wa sekondari huanza somo la seli kwa mchoro. Duara kubwa, katikati kiini, pembeni mitokondria, ribosomu, vakuoli, na mistari ya kuonyesha majina. Anaukariri, anauchora kwenye mtihani, anapata alama zake, na muhula unaofuata umemtoka kichwani. Simlaumu. Mchoro ule unamwonyesha vitu vilivyomo bila kumwambia kwa nini vimo. Tena seli ya mchoro huo haipo mahali popote mwilini. Hakuna tishu iliyojengwa kwa seli ya jumla. Seli ya misuli ina mitokondria nyingi mno, seli ya kongosho imejaa mitambo ya kutoa protini, seli ya neva inaweza kuwa na mkia unaozidi urefu wa mita moja. Kwa hiyo sura hii itapita njia nyingine. Tutaifuata seli moja inayoachana na viungo vyake kimoja baada ya kingine, na kila inapoacha kimoja tutauliza: sasa haiwezi tena kufanya nini?

Tuanze na ukubwa wake. Seli nyekundu ina upana wa mikromita 7 hadi 8, na mikromita 1,000 ndizo milimita moja. Zikipangwa foleni kwenye rula, seli kama 130 hutosha kuijaza milimita moja. Tone dogo la damu la milimita moja ya ujazo lina seli nyingi kama wakazi wa jiji: milioni 5 hivi. Mtu wa kwanza kuzieleza vizuri seli za damu ya binadamu hakuwa daktari. Antonie van Leeuwenhoek alikuwa mfanyabiashara wa vitambaa katika mji wa Delft, Uholanzi, aliyejitengenezea lenzi kwa mikono yake, na mwaka 1674 aliandika habari za chembe hizo alizoziona zikielea. Miaka tisa kabla yake, 1665, Robert Hooke wa Uingereza alikuwa ametazama kipande cha gamba la mti na kuona vyumba vidogo vitupu. Hooke ndiye anayetajwa kwanza vitabuni, na anastahili, lakini alichokiona yeye ni kuta za seli za mmea zilizokwisha kufa. Seli za wanyama hazina kuta kama hizo. Zina utando.

Utando wa seli ni tabaka mbili za mafuta zilizolaliana, kwa pamoja zikiwa na unene wa nanomita 5 hivi. Ungelazimika kupanga tando 200,000 ndipo ufikishe milimita moja. Mafuta na maji hayapatani, na kutopatana huko ndiko kunakotenga ndani ya seli na nje yake. Lakini seli iliyofungwa kabisa ingekufa kwa njaa, kwa hiyo katikati ya mafuta hayo zimepachikwa protini zinazopitisha vitu kwa kuchagua: hii sukari, hii sodiamu, haya maji. Mlango wa maji wa kwanza kutambuliwa na wanasayansi ulipatikana kwenye utando wa seli nyekundu, mwanzoni mwa miaka ya 1990, na Mmarekani Peter Agre aliyeugundua alipata Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2003.

Umuhimu wa utando huu utauona wodini. Mgonjwa aliyeishiwa maji hatundikiwi chupa ya maji matupu. Hutundikiwa maji yenye gramu 9 za chumvi kwa lita. Maji matupu yakiingizwa kwenye mshipa, seli nyekundu zitakazokutana nayo zitayanyonya, zitavimba na kupasuka, kwa sababu maji hupita utando kuelekea upande wenye vitu vingi vilivyoyeyuka. Chumvi ikizidi, mambo hugeuka: seli hupoteza maji na kusinyaa. Gramu zile 9 ndizo zinazoiacha seli na umbo lake. Ngamia wa kaskazini mwa Kenya wana ustahimilivu mkubwa zaidi. Seli zao nyekundu zina umbo la yai na zinaweza kuvimba zaidi ya mara mbili bila kupasuka, jambo la lazima kwa mnyama anayekaa siku nyingi bila maji kisha akanywa zaidi ya lita 100 kwa mara moja.

Chini ya utando wa seli yetu kuna wavu wa protini iitwayo spektrini, laini lakini imara. Wavu huo ndio unaoifanya seli iwe kisahani kilichobonyea pande zote mbili, na ubonyeo huo una kazi. Kapilari nyingi ni nyembamba kuliko seli yenyewe. Seli iliyojaa kama mpira isingepita bila kuchanika, ila hii ina utando wa ziada kuliko ujazo wake, hivyo hujikunja, hupenya, na ikitoka upande wa pili hurudia umbo lake. Kiini kikubwa katikati kingezuia mkunjo huo. Hapo tumepata sababu moja ya kukitupa.

Kutupwa kwenyewe kunastahili kusimuliwa polepole, maana ndani yake mna somo zima la jinsi seli inavyofanya kazi. Katika uloto, seli changa huzingira seli moja kubwa ya ulinzi iitwayo makrofaji na kukua zikiwa zimeishikilia. Katika siku hizo kiini cha kila seli changa kinafanya kazi usiku na mchana. DNA haitoki nje ya kiini; kinachotoka ni nakala zake, ziitwazo RNA, zikiwa na maelekezo ya protini moja moja. Nakala hizo hufika kwenye ribosomu, na ribosomu huzisoma na kuunganisha asidi amino moja baada ya nyingine hadi protini ikamilike. Katika seli hii karibu nakala zote zinaagiza kitu kilekile: himoglobini, protini yenye madini ya chuma inayoshika oksijeni. Kiini huanza kusinyaa, husogea pembeni, kisha husukumwa nje kikiwa kimevikwa kipande cha utando. Makrofaji hukimeza na kukimeng'enya.

Ajabu ni kwamba uzalishaji hausimami papo hapo. Kwa siku moja au mbili baada ya kiini kuondoka, seli inaendelea kutengeneza himoglobini kwa nakala za RNA zilizobaki. Mwanafunzi aliyeshindwa kuelewa tofauti ya DNA na RNA darasani ataielewa hapa: asili imeondoka na kazi inaendelea, mpaka nakala zichakae. Zikichakaa, ribosomu nazo huvunjwa, na kuanzia siku hiyo seli haitatengeneza protini nyingine maisha yake yote. Imebaki na molekuli za himoglobini zipatazo milioni 270, na kila molekuli inaweza kushika molekuli 4 za oksijeni.

Si wanyama wote wanaofanya hivi. Ndege, samaki, vyura na mijusi hubaki na viini katika seli zao nyekundu. Walimu wenye hadubini moja kwa darasa zima wanaweza kuitumia tofauti hii vizuri. Siku kuku anapochinjwa, tone la damu yake likitandazwa kwenye kioo na kutiwa rangi ya maabara huonyesha viini wazi, kimoja katika kila seli, na slaidi ya damu ya binadamu iliyotayarishwa ikiwekwa baada yake inaonyesha visahani vyenye weupe katikati na pasipo kiini. Wanafunzi wakiviona viwili hivyo kwa macho yao, huhitaji kuwakaririsha.

Mitokondria nazo huondolewa. Hizi ndizo zinazochoma sukari kwa kutumia oksijeni na kuipatia seli nishati katika umbo la molekuli ziitwazo ATP. Seli yenye mitokondria hupata kama ATP 30 kutoka kwenye molekuli moja ya glukosi. Seli nyekundu, isiyo nazo, huivunja glukosi nusu njia tu na kupata 2. Ni hasara kubwa ukiitazama kwa upande huo, ila fikiria shehena inayobebwa. Mitokondria hula oksijeni. Zingebaki, mbebaji angekula sehemu ya mzigo kabla haujafika. Kwa kuziacha, seli nyekundu hupokea oksijeni mapafuni na kuifikisha kwenye kidole cha mguu bila kutumia hata chembe yake.

Njaa yake ndogo ya sukari haikomi hata damu ikitoka mwilini. Mifuko ya benki ya damu huwekwa glukosi ndani yake, kwa sababu seli zilizomo zinaendelea kuitumia zikiwa kwenye jokofu la nyuzi 2 hadi 6 za Selsiasi. Baridi hupunguza kasi yake. Katika mfuko wa aina iliyozoeleka damu hukaa siku 35, na ikipita hapo hutupwa hata kama kwa macho haina kasoro.

Seli isiyo na kiini ni jahazi lililong'oa nanga bila fundi wala ubao wa akiba: litabeba mzigo wake vizuri, lakini kila ufa unaotokea njiani unabaki. Protini za utando huchakaa na hazipati mbadala. Utando hukakamaa. Mwisho seli inafika kwenye bandama, ambako damu hulazimishwa kupenya kwenye nyufa zenye upana wa mikromita 1 hadi 2. Seli changa inajikunja na kupita. Iliyokakamaa inakwama, na makrofaji za hapo huila. Chuma chake hurudishwa kwenye uloto kujenga seli nyingine. Mabaki ya himoglobini yasiyo na chuma hugeuzwa kuwa bilirubini, rangi ya manjano ambayo ini huitoa kupitia nyongo, na ndiyo chanzo cha rangi ya kinyesi na ya mkojo wako. Seli zikivunjwa kwa wingi kuliko uwezo wa ini, macho hugeuka manjano.

Madaktari wa kisukari wameigeuza hali hii ya kutojikarabati kuwa kipimo. Sukari ya damu hujibandika kwenye himoglobini na haibanduki, na kwa kuwa seli haina namna ya kubadilisha protini zake, kiasi kilichobandikwa kinaonyesha jinsi sukari ilivyokuwa kwa wastani katika miezi miwili au mitatu iliyopita. Mgonjwa anaweza kujizuia siku mbili kabla ya kliniki, na kipimo cha asubuhi kikatoka kizuri. Kipimo cha himoglobini hakidanganyiki.

Kasi ya kutengeneza seli mpya huamuliwa na figo. Zenyewe hupima oksijeni inayofika, na ikipungua hutoa homoni iitwayo erithropoietini inayouamuru uloto uongeze uzalishaji. Wanariadha wa Iten, Kenya, mji ulio kwenye mwinuko wa mita 2,400 hivi, huishi na kufanya mazoezi kwenye hewa yenye oksijeni haba, na figo zao hufanya kazi hiyo bila kuombwa. Mchangia damu naye hutegemea njia hiyohiyo. Nchini Tanzania mwanamume huruhusiwa kuchangia kila baada ya miezi mitatu na mwanamke kila baada ya miezi minne, ili mwili upate muda wa kurudisha seli na, zaidi ya seli, madini ya chuma.

Sasa tuje kwenye ugonjwa unaozigusa familia nyingi sana za Afrika Mashariki, nami naamini hakuna mwanafunzi wa ukanda huu anayepaswa kumaliza shule bila kuuelewa. Mnyororo mmoja wa himoglobini, uitwao beta, una asidi amino 146. Ya 6 ni asidi glutamiki. Katika DNA ya baadhi yetu herufi moja imebadilika, A imekuwa T, na ribosomu inayofuata maelekezo hayo kwa uaminifu huweka valini mahali pa asidi glutamiki. Ni kosa moja katika 146. Lakini valini haipendi maji, na himoglobini hiyo ikishaachilia oksijeni hutafuta mahali pa kujificha: hujibana kwenye molekuli ya jirani, jirani kwa mwingine, mpaka inakuwa nyuzi ndefu ngumu. Nyuzi hizo huivuta seli kutoka umbo la kisahani hadi umbo la mundu. Sifa zote tulizozisifu, yaani kujikunja, kupenya na kurudia umbo, hupotea. Seli hukwama kwenye mishipa midogo, tishu iliyo mbele hukosa oksijeni, na mtoto hulia kwa maumivu ya mifupa ambayo mzazi haoni kidonda chake. Na badala ya siku 120, seli hizo huishi siku 10 hadi 20. Uloto hauwezi kuziba pengo hilo, ndiyo maana mgonjwa wa ugonjwa huu, uitwao selimundu, hupungukiwa damu na macho yake huwa ya manjano.

Mtu hupata ugonjwa akirithi jeni lenye herufi hiyo iliyobadilika kwa baba na kwa mama pia. Aliyerithi kwa mzazi mmoja, aitwaye mbebaji, huishi maisha ya kawaida, na mara nyingi hajui. Wawili wa namna hiyo wakioana, kila ujauzito una nafasi moja kati ya nne ya kuzaa mtoto mgonjwa. Kila ujauzito, nasisitiza: mtoto wa kwanza kuzaliwa mgonjwa hakuwakingi wanaofuata, wala si adhabu wala mkosi wa upande wa mama.

Kwa nini jeni lenye madhara hivyo limeenea? Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, aliliona jambo hilo katika safari ya utafiti ya mwaka 1949. Jamii za pwani na za kando ya Ziwa Viktoria zilikuwa na wabebaji zaidi ya asilimia 20, ilhali kwenye nyanda za juu na maeneo makavu walikuwa chini ya asilimia 1. Aliitazama ramani hiyo akaona ni ramani ya malaria. Mwaka 1954 alichapisha ushahidi kwamba wabebaji hukingwa dhidi ya malaria, na miaka mingi baadaye utafiti wa Kilifi, pwani ya Kenya, ulionyesha kuwa kinga hiyo dhidi ya malaria kali inakaribia asilimia 90.

Hapa tunarudi kwenye kile ambacho seli imekitupa. Kirusi kikiingia kwenye seli nyekundu iliyokomaa hakipati kitu, maana hakuna kiini wala ribosomu za kukizalisha. Kimelea cha malaria ni seli kamili, kinakuja na kiini chake na ribosomu zake, kinachohitaji ni chakula na maficho, na vyote vimo. Himoglobini ndiyo chakula. Maficho nayo ni mazuri mno: seli nyingine ikivamiwa huonyesha vipande vya protini za mvamizi juu ya utando wake ili askari wa mwili wavione, lakini seli nyekundu haina tena mitambo ya kufanya hivyo. Kimelea hatari zaidi, Plasmodium falciparum, hukaa humo saa 48 hivi, hujigawa, kisha seli hupasuka na watoto wake huvamia nyingine. Katika damu ya mbebaji wa selimundu maficho hayo huharibika. Oksijeni ikipungua kimelea hudumaa, na seli iliyovamiwa hujikunja vibaya na kuondolewa na bandama mapema.

Watafiti wa Kilifi wamepata kinga nyingine, isiyo na gharama hiyo. Baadhi ya watu wa eneo hilo wana kundi la damu adimu liitwalo Dantu. Mwaka 2020 yalichapishwa maelezo ya jinsi linavyofanya kazi: utando wa seli zao umekazwa zaidi kuliko kawaida, na kimelea kinachojaribu kuingia hushindwa kuubonyeza.

Tiba ya selimundu imebanwa na jambo lilelile tulilolifuata tangu mwanzo. Seli yenye umbo la mundu haina kiini, kwa hiyo hakuna jeni la kurekebisha ndani yake. Lazima uende kwa mama zake, seli za uloto ambazo bado zina DNA. Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, imekwisha kuwapandikizia uloto watoto wenye ugonjwa huu. Novemba 2023 Uingereza iliidhinisha Casgevy, tiba ya kwanza inayotumia mkasi wa jeni wa CRISPR: seli mama za mgonjwa hutolewa, swichi moja ya DNA hukatwa ili mwili urudie kutengeneza himoglobini ya kitoto, ile tunayokuwa nayo tumboni na ambayo haijengi nyuzi, kisha zinarudishwa. Huko Marekani bei yake ilitangazwa kuwa dola milioni 2.2. Kwa watoto wengi wa kwetu, dawa iliyo karibu ni vidonge vya haidroksiyurea, ambavyo pia huchochea uloto kutengeneza himoglobini ya kitoto. Humezwa kila siku, na nafuu yake huchukua miezi kuonekana wazi, kwa sababu dawa haiwezi kuzibadilisha seli zilizokwisha kuingia kwenye mishipa. Inazifikia zile tu ambazo bado hazijatupa kiini.